Aliye Ndani ya Bawa

Mkono wa marehemu Ambilikile Mwaipaja ulinigomea tangu siku ya kwanza nilipouvaa. Nasema mkono, ingawa kwa macho ilikuwa glavu tu: nje kitambaa kigumu cha kijivu, ndani utando wa neva uliooteshwa hospitalini kutokana na chembe za mwili wake mwenyewe, laini, wenye rangi ya ufizi mzima. Ufizi mzima naujua nikiuona. Nilikuwa daktari wa meno kabla dunia haijapata vidonge vyenye vidudu vinavyoziba matundu ya meno huku mwenyewe akiendelea na shughuli zake.

Unaingiza mkono, unangoja utando upate joto, kisha vidole vyako vinaanza kujua mambo ambayo hukuwahi kufundishwa. Glavu hizo zilibuniwa kwa ajili ya watu waliopatwa na kiharusi. Zikaja kutufikia sisi wa makumbusho pale mafundi wa mikono walipoanza kwisha. Siku hizi ndege inachapwa kiwandani nzima nzima, haina mshono hata mmoja, na katika nchi yetu mkono wa mwisho uliojua kugonga ribiti ya bawa ikakaa barabara ulikuwa wa Mwaipaja. Kabla ya kufa alikubali kuuvaa ule utando, akafanya nao kazi bawani mpaka ukajua anachojua. Nakala hauna, kwa sababu ni kitu hai. Ukiutumia unachakaa, na ukiisha umeisha.

"Tena?" aliuliza Kapteni Gwamaka.

"Tena," nikasema.

Nilikuwa nimesimama kando ya bawa la kushoto la Bibi Harusi, ndege yetu kuukuu, nyundo ya upepo mkononi, na mbele yangu ribiti iliyopondeka kama mhogo uliokanyagwa. Ribiti ni kitu kidogo, aluminiamu fupi yenye kichwa cha uyoga. Inapita kwenye tundu la bati, nyundo inagonga kichwa kwa nje, na kwa ndani kuna pande la chuma linaloshikiliwa dhidi ya mkia wake. Mkia ukibanwa kati ya kipigo na chuma unatanuka, unakuwa kichwa cha pili, na bati halitoki tena. Kwa ndani tulikuwa tumefunga mkono wa mashine kushikilia chuma. Haukutetemeka, haukuchoka, wala haukuomba chai.

Taabu ilikuwa glavu. Nilikuwa nikifyatua, trrrr, kidole kinaachia kitufe chenyewe, nyundo inashuka kidogo, na kidole cha mwisho kinalala juu ya bati kando ya ribiti. Basi. Mkono unaganda hapo. Naubembeleza kimoyomoyo, hauendi. Nikiulazimisha kwa nguvu zangu mwenyewe, nyundo inaruka upande na ribiti inaharibika.

"Inasita hiyo, Daktari," alisema Kapteni. "Imezeeka pamoja na mwenyewe. Mimi naona tuirudishe kwa wataalamu wausugue utando, watoe huko kusitasita. Ibaki inapiga tu."

Kapteni Gwamaka Mwalukasa aliwahi kurusha ndege enzi ambazo ndege zilikuwa na mtu mbele. Ni mtu wa kimo, mwenye tumbo la heshima na sauti ya kipaza sauti, na alikuwa mwenyekiti wetu wa watu wa kujitolea kwa sababu siku ya uchaguzi alichelewa kufika. Alikuwa na ndoto moja tu: kuipaisha Bibi Harusi mara moja, azunguke Mlima Loleza, atue palepale kwenye uwanja wa zamani wa Mbeya ambapo makumbusho yetu yapo. Jina la ndege lilitokana na ndoto hiyo. Kila mwaka tulikuwa tukiipamba na kila mwaka harusi inaahirishwa. Sasa ilibaki bati moja tu la bawa la kushoto, na glavu ya kulifunga.

"Tusiisugue kwanza," nikasema.

"Kwa nini?"

Sikuwa na sababu ya kitaalamu. Nilikuwa na deni la moyoni. Zahanati yangu ilipofungwa nilikaa nyumbani nikigombana na kuku wa jirani, mikono imeshiba ujuzi usiotakiwa na mtu. Siku moja mvua ilinikuta karibu na banda hili, nikaingia kujificha. Mwaipaja alikuwa chini ya mkia wa ndege. Hakuniuliza nimetoka wapi wala nataka nini. Alinyoosha mkono, akanipa brashi ya waya, akasema, "Mama, kuna kutu imejificha huku pembeni, vidole vyangu vinene." Niliiondoa kutu ile mpaka jioni na sijaacha kuja tangu hapo. Mvua ile nimeishukuru mara nyingi kuliko mambo makubwa niliyowahi kupewa. Kwa hiyo mtu akiniambia tumsugue Mwaipaja, hata kama ni kipande chake tu, roho inagoma.

"Nipe nafasi nikamwone mkewe," nikamwambia Kapteni.

*

Subilaga Mwaipaja, tunayemwita Mama Ipyana, nilimkuta uani kwake Uyole akimenya viazi, amejitanda kanga mbili na sweta juu kwa ajili ya ile baridi yetu ya mwezi wa sita. Ni mwanamke mdogo wa umbo, mkubwa kwangu kwa umri, na alikuwa mwenzetu wa kujitolea tangu banda linaanza. Tangu mazishi hakuwa amekanyaga bandani.

"Ugonile, Mama Ipyana," nikamsalimu kikwetu.

"Ndaga, Atu. Kaa. Chukua kisu, usinikodolee macho."

Nikachukua kisu. Nilimenya vya kutosha kuonyesha adabu, ndipo nikaeleza shida ya glavu. Alisikiliza bila kuinua uso mpaka nilipofika pale mkono unapoganda.

"Unapiga, halafu unatulia?"

"Unatulia kabisa."

"Kidole cha mwisho kiko wapi?"

"Kinagusa bati. Kando ya ribiti."

Kiazi kilimtoka mkononi kikaingia kwenye maji. Alianza kucheka, akacheka mpaka akajifuta macho kwa pindo la kanga, na katikati ya kufuta nikaona si kicheko tena.

"Hasiti yule," alisema. "Ananisubiri mimi."

Ndipo nikaelewa jambo ambalo banda zima tulikuwa tumeliona kila siku bila kulielewa. Ribiti inagongwa na watu wawili. Wa nje haoni mkia umekaaje. Anayeona ni wa ndani, aliyelala na chuma. Na kwa kuwa kelele ya nyundo haina nafasi ya maneno, wa ndani anajibu kwa kugonga bati kwa ncha ya chuma. Moja, ongeza kidogo. Mbili, imekaa, nenda nyingine. Tatu, mbovu, itoe. Miaka yote ya Mwaipaja, wa ndani alikuwa mkewe, kwa sababu ndiye aliyeenea kwenye bawa kwa urahisi.

"Sasa mbona hukuwaambia wale wataalamu wa glavu?"

"Waliniuliza? Walikuja na mitambo yao wakamzunguka Baba Ipyana kama bwana harusi. Mimi nilikuwa ndani ya bawa. Nilipotoka walikuwa wameshaondoka, na chai wamemaliza yote."

"Utakuja?"

Aliokota kile kiazi majini, akakigeuzageuza kama anakitafutia kasoro.

"Naogopa, Atu," alisema. "Lakini kama ananisubiri, nitakaaje hapa?"

*

Alikuja na ovaroli yake ya zamani, amevaa sufi ndani. Kapteni alimpokea kwa mikono miwili.

"Shemeji, banda lilikuwa limepooza."

"Limepooza na wewe bado unapiga kelele hivyo?"

Tukaufungua mkono wa mashine, tukauweka kando. Subilaga akalala chali, akajisukuma kupitia shina la bawa, ule upande unaoungana na kiwiliwili cha ndege ambapo bawa ni nene na wazi. Akazama mpaka ikabaki miguu tu nje, na soksi zake nyekundu. Bati letu lilikuwa juu ya uso wake sasa.

Watu wakanyamaza. Bawa likiwa kazini kwetu hakuna anayegonga kitu chochote. Vikombe vinawekwa juu ya kitambaa, na mgeni akipiga makofi anasindikizwa nje kwa upole. Desturi hiyo niliikuta nikaifuata, nikidhani ni adabu ya mafundi tu.

Nikafyatua. Trrrr. Kidole kikaachia, nyundo ikashuka, kidole cha mwisho kikalala juu ya bati. Tukangoja, mimi na ule mkono.

Ko.

Niliisikia kwa ngozi kabla ya masikio, kupitia kidole kile kidogo. Mkono ukainuka, ukapiga kifupi sana, ukatulia tena.

Ko ko.

Kabla sijapata wazo lolote nilikuwa nimeshahamia tundu la pili. Mwili wangu ulifuata kama mtu anayevutwa na mtoto kwenda kuonyeshwa kitu. Trrrr. Ko ko. Trrrr. Ko. Trrr. Ko ko. Ribiti zikajipanga, vichwa vimelala sawasawa, na mkono ule uliokuwa ukinigomea ulikuwa na furaha. Sina neno jingine. Nilikuwa nimeuvaa na najua nilichohisi. Nililia mbele za watu na sioni haya kusema.

"Loo," Kapteni alikuwa akinong'ona, yeye ambaye hajui kunong'ona. "Loo, loo, loo."

Subilaga alipotoka nywele zilikuwa zimejaa vumbi la aluminiamu. Aliishika glavu ikiwa bado mkononi mwangu, akaibana kidogo, kisha akaenda kunawa.

*

Wiki zilizofuata zilikuwa za raha. Subilaga alirudisha utani wake, akarudisha na supu yake ya maharage ambayo tulikuwa tumeisahau. Kapteni alianza kupiga pasi sare yake ya rubani. Na mimi kila nilipovaa glavu nilimshukuru Mwaipaja kwa sauti ya chini, nikashukuru pia kwamba hatukumsugua, maana tungefuta kusubiri kwake tukidhani ni ugonjwa.

Halafu zikaanza tatu.

Ko ko ko. Mbovu, itoe. Si ajabu, ribiti mbovu zipo. Nikiisikia nachukua drili, natoboa kichwa, nasukuma mkia uanguke ndani, tunaweka ribiti mpya. Subilaga alikuwa akiiokota ile mikia na kuitia kwenye mkebe, kwa sababu ndani ya bawa haitakiwi kubaki hata punje. Jioni alikuwa akinikabidhi mkebe nikaimwage mikia kwenye pipa la mabaki.

Tatu zikaongezeka. Ribiti moja tuliitoa, tukaweka, tukaitoa tena. Kapteni akafikiri ni chuma kimechakaa, akatuletea kingine. Nikafikiri ni mimi. Siku moja, kabla ya kutupa, nikamimina mkebe kiganjani na kuchukua ile lenzi yangu ya kazi ya zamani.

Mikia ilikuwa mizuri. Yote. Imetanuka duara, haikuinama, haikupasuka, kila mmoja mfano wa kufundishia. Nilikuwa natoboa meno mazima.

Nilikaa chini ya mkia wa ndege na mkebe ule. Bandani kuna sheria moja ambayo Mwaipaja mwenyewe alikuwa akiirudia kwa kila anayejiunga: aliye nje hamhoji aliye ndani. Wa ndani ndiye anayeona. Ukianza kumhoji, kesho atakujibu unachotaka kusikia, na siku moja bawa litafunguka hewani likiwa na mtu. Kumwuliza Subilaga kulikuwa kuivunja sheria ya mume wake mbele ya mkono wa mume wake.

Kunyamaza nako kulikuwa na hesabu yake. Tundu la ribiti likitobolewa upya linapanuka. Linavumilia mara moja, labda na ya pili, kisha bati limekufa, na bati lile halichapwi tena popote. Utando nao ulikuwa umeanza kupoteza rangi. Kando ya kidole gumba ulikuwa wa kijivu, kama ufizi unaoacha jino. Ulikuwa bado unatosha kumaliza kazi iliyobaki, lakini haukutosha kuifanya mara tatu. Tukiendelea hivi Bibi Harusi atabaki na bawa wazi maisha yake yote, na mkono alioutoa mtu akiwa mgonjwa, kwa hiari yake, kwa ajili ya bawa hilo, utakuwa umeishia kwenye mkebe.

Zahanati yangu iliwahi kuwa na mzee mmoja mjane aliyekuja kila mara na jino lisilouma. Nilikuwa nalikagua, nalipangusa, tunazungumza, anakwenda zake. Sikuwahi kulitoboa. Kumpa mtu muda wako ni huruma, lakini kutoboa jino zima ni kosa hata kama mwenyewe amekaa kwenye kiti na kufungua mdomo. Hilo nililijua vizuri. Nililokuwa silijui ni kama nina haki ya kumfumbua macho.

Kwa hiyo nikafanya jambo la aibu kidogo. Watu walipokwenda kunywa chai nilivaa glavu, nikaurudisha mkono wa mashine ndani ushikilie chuma, nikapiga ribiti moja, nikauacha mkono wa glavu usubiri. Kisha, kwa pete yangu ya ndoa, nikagonga bati mwenyewe. Mara mbili.

Mkono ukahamia tundu la pili kwa furaha ileile, haukutofautisha. Nikaivua glavu haraka kama mwizi aliyesikia mlango.

*

Nilimwomba Kapteni akatafute mafuta ya nyundo ya upepo, ambayo nilikuwa nimeyaficha chini ya kiti chake, ili nibaki peke yangu na Subilaga. Alikuwa amekaa kwenye tairi la ndege akipuliza kikombe cha chai ya tangawizi. Nikaweka mkebe katikati yetu, juu ya kitambaa.

"Mama Ipyana, nina swali ambalo sheria hainiruhusu kuliuliza."

Aliutazama mkebe. "Basi usiulize. Sema tu."

"Hizi ni nzima."

"Najua ni nzima. Nimezipokea mimi."

Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka mlangoni mwa banda, na uwanja wote haukuonekana.

"Nikigonga mbili anahama," alisema hatimaye. "Anakwenda mbele, na mbele ndiko mwisho wa bati uliko. Nikigonga tatu anarudi palepale nilipo. Hanuni. Hakuwahi kununa, Atu. Ningegonga tatu siku nzima angerudi siku nzima. Kaburini nakwenda, naongea, nafagia, sipati hata ko moja. Huku najibiwa. Ningefanyaje?"

"Utando unaisha."

"Nauona. Unadhani sioni? Nimekuwa nikijiambia kesho nitagonga vizuri. Kila kesho." Alikiweka kikombe chini polepole. "Niambie kitu kimoja, na usinihurumie. Ukigonga wewe, anajibu?"

Nilikuwa na muda wa kudanganya. Uongo ule ungekuwa mwepesi na wa upendo, na hakuna mtu ambaye angejua. Lakini mbele yangu alikuwa ameketi mwanamke aliyelala ndani ya mabawa maisha yake yote ili wengine wasidanganywe.

"Anajibu," nikasema. "Nilijaribu juzi kwa pete. Nisamehe."

"Sawasawa na mimi?"

"Sawasawa."

Aliutazama mkebe tena mpaka nikajuta. Halafu akatikisa kichwa, na midomo ikajikunja pembeni.

"Ndivyo alivyokuwa. Angemwamini yeyote aliye ndani. Siku moja nilikuwa na homa, akaingia binamu yake mlevi, na bado Baba Ipyana hakuuliza mara mbili. Nilimfokea wiki nzima." Aliuchukua mkebe, akautikisa, ribiti zikalia. "Na mimi nimekwenda kuuchezea huo uaminifu wake. Ee Mungu wangu. Yeye anasubiri neno la kweli, mimi namrudisha nyuma kama mbuzi wa kamba."

"Hukumdhuru."

"Nimemdhuru. Hicho ndicho alichobakiza." Akasimama, akakung'uta ovaroli. "Zimebaki ngapi?"

"Chache. Utando unatosha tusipopoteza hata moja."

"Basi nivalishe mimi. Miaka yote nimelala ndani nikisikiliza. Sijui huko nje alikuwa anafanya nini."

"Na ndani?"

"Utaingia wewe. Au unamtaka Kapteni? Tumbo lake litabaki shinani tumkate na bawa."

*

Sikuwahi kuingia ndani ya bawa. Nyonga yangu ililalamika tangu mwanzo, na nilipofika mahali pa kulala, bati lilikuwa karibu na pua yangu kiasi kwamba pumzi ilinirudia usoni. Lakini hakukuwa na giza. Kila tundu lililobaki lilikuwa likiingiza mwanga mwembamba, na ile michirizi ya mwanga ilianguka juu ya kifua changu. Ribiti ilipoingia tundu, mchirizi mmoja ulizimika.

Nikaweka chuma. Trrrr. Meno yangu yote yalitetemeka; nikafikiria wagonjwa wangu wa zamani na nikawaomba radhi. Nikatazama mkia. Mfupi. Nikagonga moja. Kipigo kifupi kikaja, laini, kama kusema haya. Nikatazama tena. Mzuri. Mbili.

Nilielewa mle ndani kwa nini mtu angeweza kukaa. Nje ni bandani, kuna baridi, kuna watu na habari zao. Ndani kuna wewe na mtu mmoja anayekuuliza kitu kimoja tu, na anaamini jibu lolote utakalompa. Sikumbuki mahali pengine duniani nilipowahi kuaminiwa hivyo. Nikamshukuru Mwaipaja, nikamshukuru na mkewe kwa kuniachia nafasi yake.

Michirizi ikapungua. Nilikuwa nikisikia pumzi za Subilaga upande wa pili, na mara moja akasema, "Hee," peke yake, kwa sauti ya mtu aliyeonyeshwa jambo. Sikujua ameonyeshwa nini.

Ukabaki mchirizi mmoja. Ukazimika.

Trrrr. Kimya.

Nilikuwa na tochi ndogo ya kinywani, ile ya kazini kwangu. Nikautazama mkia. Ulikuwa duara, umekaa, hauna ufa. Na juu yangu, upande wa pili wa unene wa bati, mkono ulikuwa ukisubiri kwa mara ya mwisho, na aliyeuvaa alikuwa akisubiri pamoja nao.

Wazo likanijia, na sitajifanya halikunijia. Tatu. Mara moja tu. Tundu hili lilikuwa bado jipya, lingevumilia. Ningempa rafiki yangu dakika chache zaidi na mume wake, yeye asingejua, na sheria ingenilinda, kwa kuwa wa nje hamhoji wa ndani. Niliinua chuma.

Kisha nikaikumbuka ile "sawasawa." Nilikuwa nimemwambia ukweli mchana ule kwa kuwa aliniomba, na sasa alikuwa ananiomba tena kwa njia nyingine.

Ko ko.

Nilingoja kusikia nyundo ikihama. Hapakuwa na pa kuhamia, bati lilikuwa limefungwa. Badala yake ukaja mshindo mdogo, mzito, usio na mlio, juu kabisa ya paji la uso wangu. Nikadhani ameweka nyundo chini, au ameishiwa nguvu. Nikaanza kujiburura kurudi nyuma, nikijikwaruza viwiko, nikiita jina lake.

Nilipotoa kichwa nilimkuta amesimama wima. Nyundo alikuwa ameihamishia mkono wa kushoto. Mkono wa kulia, ule wa glavu, ulikuwa umelala juu ya bati, kiganja wazi, vidole vimetanuka, mahali palepale uso wangu ulipokuwa. Kapteni alikuwa amerudi na kopo la mafuta, amevua kofia.

"Umeangusha kitu?" nikauliza.

Alitikisa kichwa bila kuutoa mkono. "Ndani umesikiaje?"

"Kama mtu ameweka nyundo chini."

"Ee." Machozi yalikuwa yakimtiririka na hakuwa na mkono wa kuyafutia. "Na mimi hivyohivyo. Kila tukimaliza bati, Atu. Miaka yote ile nilidhani anaweka nyundo chini, kumbe ni mkono huu."

Tulimwacha. Utando ulikuwa ukipoa, niliona kwenye ukingo wa glavu ile rangi ikiondoka polepole, na hakuna aliyesogea mpaka ilipokwisha. Ndipo akaivua mwenyewe, akaikunja mara mbili kama inavyokunjwa shuka ya mtu, akaiweka juu ya bawa.

"Ndaga," alisema.

Sikujua anamshukuru nani kati yetu, mimi au yule. Nikaitikia kwa niaba ya wote wawili.